Kongo Ijifunike Mwavuli wa Nani? EAC, SADC, Umoja wa Mataifa au Washington

Tarehe 29 Aprili 2025 msafara wa malori ya kijeshi ulitoka Goma, ukaingia Rwanda, ukaikata nchi hiyo kuelekea Tanzania, kituo chake kikiwa Chato mkoani Geita. Mizigo na askari waliokuwemo ni wa SAMIDRC, kikosi cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) kilichoundwa na Afrika Kusini, Malawi na Tanzania kwenda Kivu Kaskazini kulisaidia jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa M23. Kwa hiyo waliokwenda kupigana na M23 walirudi nyumbani kwa kuomba njia katika nchi ambayo Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema ndiyo inayoibeba M23 mgongoni. Kigali inakana, inasema ilichoweka ni hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lililoanzishwa na masalia ya waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994.

Naanza na malori hayo kwa sababu hapa Kigoma ubishi wa vijiweni kuhusu Kongo huwa unaishia kwenye majina. Huyu anasema Kinshasa ilikosea kuitimua EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, yule anasema SADC ndio wanaume, mwingine anasema mambo yote sasa yako kwa Trump. Majina hayasaidii kuchagua. Nimejaribu kuwapanga washirika hawa bega kwa bega na kumuuliza kila mmoja maswali manne: Ana amri ya kupigana, au ya kuangalia? Posho na mafuta yake vinatoka mfuko wa nani? Akizidiwa, anatokea wapi? Na je, ana nini cha kupoteza akimkasirisha Kigali?

Kuna mama mmoja wa Uvira anayeuza vitenge soko la Mwanga. Siku tulipokuwa tunabishana karibu na meza yake alikunja kitambaa, akatuambia bila kuinua macho: "Wanakuya, wanakunywa mayi yetu, wanarudia kwao." Ndilo swali la tano, kwamba wakiondoka wanaacha nini. Sikuwa nimeliweka kwenye orodha yangu, nikaliongeza.

Kipimo: brigedi ya 2013

Huwezi kulinganisha bila kipimo, na kipimo tunacho. M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, wakiwa mjini humo humo na bunduki zao. Aibu ile ndiyo iliyozaa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, lililounda brigedi ya kujibu mashambulizi: askari 3,069 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Amri yao iliandikwa bila kuzungukazunguka: kuyadhoofisha makundi yenye silaha, peke yao au pamoja na jeshi la Kongo.

Novemba mwaka huo huo M23 ilikuwa imekwisha. Vilima vya mwisho, Tshanzu na Runyonyi, vilianguka, na tarehe 5 Novemba kundi likatangaza kuweka silaha chini.

Watanzania tunapenda kuishia hapo, kwamba vijana wetu waliwapiga. Waliwapiga kweli, na wengine hawakurudi. Lakini tazama walichokuwa nacho nyuma yao. Kwanza, walivaa kofia ya buluu, kwa hiyo mafuta, chakula, hospitali na ndege vilikuwa juu ya Umoja wa Mataifa. Pili, angani kulikuwa na helikopta za mashambulizi, zikiwemo Rooivalk za Afrika Kusini. Tatu, jeshi la Kongo la msimu ule lilikuwa na makamanda waliopigana. Na nne, ambalo husahaulika: Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilikuwa zimeshaibana Kigali kwa kusimamisha misaada tangu 2012, na Februari 2013 nchi 11 zilitia saini makubaliano ya Addis Ababa ya kutosaidia waasi wa jirani. Bunduki ilikuja juu ya diplomasia iliyokwisha kuandaliwa.

Ilichokosa brigedi ile ni jibu la swali la mama wa Uvira. Mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani ulisuasua, wengi wakabaki kambini Uganda na Rwanda, madai yao hayakumalizwa. Novemba 2021 M23 wakaibuka tena, na Juni 2022 wakaushika mji wa mpakani wa Bunagana.

EAC: jirani aliyekuja kuamua ugomvi, akaambiwa apigane

Kongo iliingia rasmi EAC Julai 2022 na ndani ya miezi michache ilikuwa inapokea jeshi la jumuiya. Sijui jumuiya nyingine iliyompa mwanachama mgeni makaribisho ya namna hiyo. Kikosi kiliundwa na Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa ilikataa katakata Rwanda kuwemo, na hapo ilikuwa na haki. Bunge la Kenya peke yake liliidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 4 za Kenya kwa askari wapatao 900 kwa miezi sita. Mfuko wa pamoja ulikuwa mwembamba, kila nchi ikajibebea askari wake.

Tatizo halikuwa fedha. Nairobi ilisoma hati ile kama kazi ya kusimama katikati: waasi warudi nyuma, kikosi kishike walipoachia, mazungumzo yaendelee. Kinshasa iliisoma kama silaha: waasi wakikataa, wapigwe. Karatasi moja ikawa na wasomaji wawili. Mwishoni mwa 2022 M23 walifanya sherehe ya kukabidhi Kibumba, na Januari 2023 kambi ya Rumangabo, wakipeana mikono na maafisa wa EAC mbele ya kamera. Mtu wa Goma aliyeitazama picha ile aliona waasi wanaopigwa picha na jeshi lililoletwa kumwokoa.

Februari 2023, pembeni mwa mkutano wa wakuu wa nchi Bujumbura, kamera zilimnasa Rais Tshisekedi akizungumza na kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya. Hakuwa anatania. Alimwonya asiwapendelee M23, na kwamba itakuwa aibu wananchi wakiwageuka. Aprili Nyagah alijiuzulu kwa kueleza kuwa usalama wake ulikuwa hatarini. Kinshasa ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kikafunga virago.

Katika mwezi huo huo Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake na M23 katika hoteli jijini Nairobi. Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa EAC kuliko kuondoka kwa askari, maana msuluhishi ambaye mgomvi mmoja hamwamini hata chumba chake cha mikutano amebakiwa na nini?

Hata hivyo niseme lisilopendwa Kinshasa. Katika miezi ile ya kikosi cha EAC kulikuwa na barabara zilizopitika na vijiji vilivyolala. Walipoondoka, maeneo waliyokuwa wakiyashikilia yalirudi mikononi mwa M23 haraka. Kama kipimo ni kulala usiku, EAC haikuwa bure. Kama kipimo ni kurudisha mji, haikuwahi kuwa na amri hiyo, na kuilaumu kwa hilo ni sawa na kumlaumu refa kwa kutofunga goli.

SADC: wanaume bila ndege

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia.

Kwenye karatasi SADC ndiyo mshirika bora kuliko wote. Kongo ni mwanachama tangu 1997. Jumuiya ina mkataba wa kulindana uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, unaosema shambulio dhidi ya mmoja ni tishio kwa amani ya wote na litajibiwa kwa pamoja. Rwanda si mwanachama, kwa hiyo hakuna anayekaa mezani na mguu mmoja upande wa pili. Na kuna historia: mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia ziliingia kumwokoa Laurent Kabila, zikamwokoa kweli, ingawa kuna waliorudi nyumbani na mikataba ya almasi.

Wakuu wa SADC waliamua Windhoek, Mei 2023. Kikosi kilianza kutua Desemba, mara tu EAC ilipotoka. Amri ilikuwa ya kupigana, sawa kabisa na 2013, na nchi zilikuwa zile zile tatu. Mtu angeweza kudhani filamu inarudiwa.

Sasa iweke 2013 na 2024 kwenye meza moja. Brigedi ya 2013 ililipwa na Umoja wa Mataifa. SAMIDRC ilijilipia, na Afrika Kusini iliyoahidi hadi askari 2,900 ililipia jeshi ambalo bajeti yake imekuwa ikikatwa kwa miaka mingi. Brigedi ya 2013 ilikuwa na helikopta za mashambulizi. SAMIDRC ilikuwa ardhini bila kifuniko cha maana angani, mbele ya adui ambaye safari hii alikuwa na silaha za kuangusha ndege na vifaa vya kuvuruga mawasiliano. Mwaka 2013 Kigali ilikuwa imebanwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulikuwa unatia saini na Kigali makubaliano ya madini, Februari, na mwezi Novemba ukaongeza yuro milioni 20 kwa jeshi la Rwanda lililoko Cabo Delgado, Msumbiji. Jeshi hilo la Rwanda ndilo lililobaki likiilinda Cabo Delgado baada ya kikosi cha SADC chenyewe kuondoka huko katikati ya 2024. Yaani SADC ilikuwa inapambana na mshirika wa Kigali upande mmoja wa ramani, na upande mwingine mwanachama wake analala salama kwa bunduki za Kigali. Ukitaka kuona vita ya kanda inavyozisuka upya nyuzi za urafiki, hapo unaziona.

Kisha kuna njia. Uhai wa kikosi chote ulipitia uwanja wa ndege wa Goma. Agosti 2024 Baraza la Usalama, kwa azimio 2746, liliruhusu MONUSCO iwasaidie usafirishaji, lakini msaada huo nao ulitegemea uwanja ule ule. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka na uwanja ukaenda. Askari 14 wa Afrika Kusini walikufa katika mapigano ya siku zile, baadhi wakiwa SAMIDRC na baadhi MONUSCO. Malawi ilipoteza watatu, Tanzania wawili. Waliobaki walikaa kambini Goma na Sake zaidi ya miezi mitatu, wamezungukwa, chakula na maji vikiingia kwa ruhusa ya M23. Ramaphosa na Kagame wakarushiana maneno mtandaoni, hadharani, kama majirani wanaogombania ukuta.

Tarehe 13 Machi 2025 SADC ikaifunga kazi. Ndipo malori niliyoanza nayo.

Kosa la SADC halikuwa woga. Walichukua amri ya 2013 bila mfuko, ndege wala shinikizo la 2013. Anayesema "tuwarudishe SADC" aanze kwa kuonyesha wapi watatua na nani atalipa mafuta.

MONUSCO, kwa ufupi

Umoja wa Mataifa uko Kongo tangu 1999, bajeti yake ya mwaka imekuwa juu ya dola bilioni moja, na watu wa Goma walizivamia na kuzipora ofisi zake Julai 2022. Kinshasa yenyewe iliomba waondoke. Kivu Kusini waliondoka Juni 2024. Chini ya miezi minane baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwa M23. Siwezi kusema wangeizuia. Lakini kambi ya walinda amani, hata wakilala ndani, ina macho yanayoandika ripoti, na ripoti hizo ndizo zilizozaa azimio 2773 la Februari 2025, lililopita kwa kura zote, likilitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liondoke. Nani mwingine katika orodha hii angeweza kutoa karatasi ya namna hiyo?

Jirani anayekuja mwenyewe, na bunduki ya kukodi

Kuna njia ya mkato: mpigie simu jirani. Uganda ilivuka Novemba 2021 kwa operesheni Shujaa dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Burundi ilitia mkataba na Kinshasa mwaka 2023 na ikabaki hata EAC ilipoondoka. Uzuri wao ni kwamba wanafika haraka, wanalijua pori, na nyumba yao iko jirani. Hawahitaji uwanja wa ndege wa Goma, wanakuja kwa barabara. Kwa maswali yangu manne, la njia wanalipita wote vizuri kuliko yeyote.

Lakini jirani huja na hesabu zake. Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita ya 1998 hadi 2003. Anayekulipa fidia ya kukuvunjia nyumba ndiye uliyemwita akulindie nyumba. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameituhumu Kampala kuisaidia M23 pia, Kampala inakana. Februari 2025 mkuu wa majeshi, Muhoozi Kainerugaba, alitumia mtandao wa X kuyapa makundi ya Bunia saa 24 yaweke silaha chini, na siku chache baadaye askari wake wakaingia mjini humo. Labda Kinshasa ilikubali. Lakini serikali inayosoma simu yake ili kujua jeshi la nani linaingia mji gani ina tatizo kubwa kuliko M23.

Burundi ni kisa kingine, na hapa Kigoma tunakiona kwa macho. Bujumbura haikwenda Kongo kwa biashara tu. Inaamini Kigali ikikaa Uvira, basi imekaa sebuleni kwake, kwani Uvira na Bujumbura zinatazamana kwenye ncha ya ziwa. Mpaka wa Burundi na Rwanda umefungwa tangu Januari 2024. Mshirika huyu atapigana zaidi ya wote kwa kuwa anapigania kwake. Ni maskini, hana ndege za maana, na akishindwa vita inavuka ziwa pamoja naye.

Mamluki nawapa aya moja tu. Tarehe 29 Januari 2025, Waromania zaidi ya 280 waliokodiwa na Kinshasa walivuka mpaka wa Goma kuingia Gisenyi kwa mstari, mabegi yakapekuliwa, wakapandishwa mabasi kwenda Kigali na ndege ya kurudi Ulaya. Mshahara wao uliripotiwa kuwa maelfu ya dola kwa mwezi, huku askari wa Kongo anayelinda mtaro pembeni yao akilipwa kiasi ambacho hakitoshi kodi ya chumba. Hawa wanaingia kwenye ulinganisho ili watolewe.

Washington na Doha: mwavuli usio na askari

Machi 2025 upatanishi wa Afrika ulivunjika ndani ya wiki moja. Mazungumzo ya Luanda yalipangwa tarehe 18. M23 wakajitoa baada ya vikwazo vya Ulaya. Siku hiyo hiyo picha zikatoka Doha, Kagame na Tshisekedi wamekaa na Amiri wa Qatar. João Lourenço wa Angola, aliyehangaika miaka na faili hilo, akaachia usuluhishi siku sita baadaye. Viongozi wa EAC na SADC walikuwa wamekutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari, kwa mara ya kwanza kikao kimoja, wakaunganisha mchakato wa Nairobi ulio chini ya EAC na wa Luanda ulio chini ya Angola. Walichounganisha kikachukuliwa na wengine.

Tarehe 27 Juni mawaziri Thérèse Kayikwamba Wagner na Olivier Nduhungirehe walitia saini Washington mbele ya Marco Rubio. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe walitia saini mbele ya Trump, na Kinshasa ikasaini pia ushirikiano wake na Marekani unaogusa madini. Siku sita baadaye M23 waliingia Uvira.

Soma mkataba kabla ya kucheka. Unasema FDLR ivunjwe na Rwanda iondoe hatua zake za kujilinda, na umeweka kamati ya pamoja ya kufuatilia. Hausemi popote kwamba Marekani italeta askari Kongo ikishambuliwa. M23 hawakuwa sehemu yake. Wao wana meza yao Doha, na Qatar nayo ina hisa kubwa katika uwanja mpya wa ndege wa Bugesera nje ya Kigali. Kwa swali la amri ya kupigana, Washington inapata sifuri, na haikuahidi zaidi.

Inachopata alama ni swali la nne. Marekani ndiyo iliyomwekea vikwazo James Kabarebe Februari 2025, waziri na mmoja wa watu wazito wa Kigali. Na Uvira ilipoanguka, M23 walitangaza kuwa watatoka, wakisema ni kwa ombi la Marekani. EAC ilitumia mwaka mzima na vikosi vya nchi nne bila kupata sentensi kama hiyo kwa mji wa ukubwa huo.

Gharama yake iko ardhini kwa maana halisi. Rubaya, ambako inachimbwa takribani asilimia 15 ya koltani ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kodi ya huko inawaingizia waasi takribani dola 800,000 kwa mwezi. Mwavuli unaolipiwa kwa madini una mantiki mradi bei ya madini inamsumbua mwenye mwavuli. Ikishuka, au akipata kwingine, utasimama na nani kwenye mvua?

Basi uchague nani?

Inategemea unachokosa usiku wa leo.

Ukikosa mtu wa kusimama kati ya pande mbili mazungumzo yakiendelea, muundo wa EAC unatosha, ila uandike mwanzoni, kwa lugha ambayo Kinshasa na Nairobi wanaisoma sawa, kwamba hawa hawatapigana. Na msuluhishi asikodishe ukumbi kwa waasi.

Ukikosa bunduki kufikia Jumatatu, utamwita Burundi. Usijidanganye kuwa kuna mwingine. Uganda kwa ADF, sawa. Uganda kwa M23, hapana.

Ukikosa mkono wa kuiminya Kigali, ni Washington, na Ulaya nyuma yake, ambayo baada ya Goma kuanguka hatimaye iliweka vikwazo vyake. Lakini usiite hiyo ulinzi.

Na ukikosa jeshi la kurudisha mji, kilichowahi kufanya kazi ni kimoja: wanajeshi wa SADC ndani ya kofia ya Umoja wa Mataifa, baada ya wafadhili kumbana jirani. Mimi ningechagua hicho, nikijua ugumu wake. Umoja wa Mataifa ulitangaza Oktoba 2025 kupunguza robo ya walinda amani wake duniani kwa kukosa fedha. Afrika Kusini imechoka. Tanzania, iliyo ndani ya EAC na SADC kwa pamoja na ambayo bandari yake ni mlango mkubwa wa mizigo ya Kivu na Katanga, ndiyo yenye sababu nyingi zaidi za kulisukuma jambo hili, lakini haitapenda kurudi kwa njia ya Chato.

Kosa ninaloliona Kinshasa, nikiwapanga wote hawa mstarini, ni la kumwita kila mmoja kufanya kazi ya mwingine: refa apigane, mpiganaji aende bila ndege, mfanyabiashara awe mlinzi. Kisha kumfukuza kabla anayefuata hajatua. Desemba 2023 EAC walitoka wakati SADC ndio kwanza wanafungua mabegi, na Juni 2024 MONUSCO wakatoka Kivu Kusini bila yeyote wa kupokea zamu.

Wiki ile Uvira ilipoanguka nilipita tena soko la Mwanga. Meza ya vitenge ilikuwa tupu nusu. Kijana wa jirani yake alikuwa anamsomea mama yule habari kwenye simu: nani amesaini, nani ameshuhudia, nani ameapa kuondoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna aliyeandika lini bandari ya Kalundu, huko Uvira, itapokea maboti.

Kijana akarudi juu ya ukurasa, akaanza kutafuta.